Siagi ya Njano na Pumba Zenye Ukungu

SWALI: Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani, nami huwalisha migomba, pumba za mahindi na mashudu. Jirani anayechunga ng'ombe wake asema maziwa yake ni bora kwa afya, kwani siagi yake ni ya njano, ilhali yangu ni nyeupe. Je, ni kweli? Tena, pumba zikishika ukungu huwapa ng'ombe nisipate hasara, kisha maziwa nayachemsha vizuri. (Msomaji, Hai, Kilimanjaro)

JIBU: Jirani yako ana hoja, ila si kubwa kama anavyodhani. Unjano huo ni karotini ya majani mabichi, ambayo mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A. Malisho mabichi huongeza pia vitamini E na mafuta ya omega-3, ingawa vijidudu vya tumbo la ng'ombe huyageuza mengi ya mafuta hayo kabla hayajafika kwenye kiwele, hivyo usitarajie maziwa yachukue nafasi ya samaki. Rangi nayo isikupumbaze: mbuzi ashindaye malishoni hutoa maziwa meupe pepe, kwa kuwa karotini ameshaigeuza mwenyewe kuwa vitamini A. Kalsiamu na protini hazibadiliki sana kwa malisho. Mlo ukiwa hafifu, kinachopungua kwanza ni wingi wa maziwa. Ukiweza, ongeza mabingobingo mabichi na majani kidogo ya mti wa lukina, maana kigogo cha mgomba ni maji kwa sehemu kubwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni hizo pumba. Ukungu wa mahindi na mashudu waweza kuzalisha sumukuvu, na ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea katika maziwa ndani ya siku moja. Kuchemsha huua vimelea lakini hakuiondoi sumu hiyo, wala kugandisha mtindi hakuiondoi, na mtoto anayeishi kwa maziwa ndiye anayeipata kwa wingi. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, huruhusu nusu mikrogramu tu ya sumu hiyo kwa kilo ya maziwa, kiasi kisichoonekana wala kunusika.

Pumba zilizoota ukungu zifukie, usiwape hata kuku. Zilizo nzima zianike juu ya turubai hadi zikauke kabisa, kisha magunia uyapange juu ya kichanja, mbali na ukuta. Kama umewalisha zenye ukungu wiki hii, wape chakula safi na usiwanyweshe watoto maziwa hayo kwa siku kadhaa, kwani sumu hupungua upesi katika maziwa chanzo chake kikiondolewa.