CA-125 ya 48 si uthibitisho wa saratani
Umeuliza kama dada yako ana saratani ya ovari kwa kuwa kipimo chake cha CA-125, protini inayopimwa kwenye damu, kimeonyesha 48. Hapana, jibu hilo peke yake halithibitishi saratani, ingawa ni kweli kwamba maabara nyingi huweka kikomo cha kawaida kuwa 35. Protini hiyo hutolewa pia na tando zinazofunika viungo vya tumbo na kifua, ndiyo maana hupanda wakati wa hedhi, katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, na kwa wenye endometriosisi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), fibroidi (uvimbe usio saratani kwenye mfuko wa uzazi), maambukizi ya nyonga au ugonjwa wa ini. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, ongezeko dogo kama hili mara nyingi lina sababu isiyo saratani. Amwone daktari wa magonjwa ya wanawake, apigwe ultrasaundi ya nyonga, kisha arudie kipimo cha CA-125 baada ya wiki chache katika maabara ileile, kwa sababu njia za upimaji hutofautiana. Lakini tafadhali, ikiwa ameshakoma hedhi, au tumbo linajaa na kuuma karibu kila siku, asisubiri wiki hizo. Na jibu likishuka, dalili zikibaki, bado achunguzwe, kwani takriban nusu ya wenye saratani hiyo katika hatua ya kwanza huwa na CA-125 ya kawaida.