Kabla ya Kuchora Versailles, Fuateni Maji

Kwenu wanafunzi wa usanifu majengo mnaojiandaa kwenda kwenye kasri la kifalme la Versailles, Ufaransa, kwa mara ya kwanza: msianzie ndani. Mimi siku yangu ya kwanza niliimalizia katika Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa mita 73, nikichora mapambo ya dari hadi mkono ukafa ganzi, na jioni mwalimu aliponiuliza kwa nini ukumbi ule unatazama magharibi, nilinyamaza. Jibu lilikuwa nje ya yale madirisha 17, kwani vioo 357 vilivyo mkabala nayo viliwekwa vipokee mwanga wa bustani, na jua huzama upande ule ule unakoelekea Mfereji Mkuu.

Simameni kwanza kwenye baraza ya nyuma ya kasri. Bustani aliyoanza kuipanga André Le Nôtre mwaka 1661 itaonekana kama mteremko mmoja mpole, na mfereji kama uko jirani. Sasa tembeeni. Bwawa la Latona halijitokezi lote mpaka mfike ukingoni mwa ngazi, na mfereji wenyewe una urefu unaozidi kilomita moja na nusu. Hesabuni hatua zenu, maana miguu itawafundisha vipimo ambavyo ramani haiwezi.

Kisha ulizeni maji yalitoka wapi. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Mahali pale hapakuwa na mto wa kutosha, hivyo mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14, ulijengwa kuanzia mwaka 1681 ili kuyapandisha maji ya mto Seine zaidi ya mita 150. Hata hivyo hayakutosha chemchemi zote kwa pamoja, na mafundi walipigiana filimbi Mfalme Louis wa 14 alipokaribia, ili wafungulie ile tu atakayoipita.

Mkipata nafasi, shukeni kwenye jumba la michungwa alilolijenga Jules Hardouin-Mansart, ambalo kuta zake nene zinazoelekea kusini huihifadhi miti wakati wa baridi. Majira ya joto miti hutolewa uani ikiwa katika masanduku yake ya mbao. Inameni mtazame sanduku moja kwa karibu: pande zake hufunguka, mtunza bustani akaifikia mizizi bila kuung'oa mti. Lichoreni hilo kwa vipimo kamili, na bawaba zake msiziache.