Mgonjwa Akifa Ghafla, Tafuteni Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji

Kifo cha ghafla peke yake hakimtii daktari hatiani, lakini pia hakimwondolei dhima yule ambaye uzembe wake umesababisha kifo hicho. Msimamo huu niliupata baada ya shemeji yangu kufariki hapa Jinja, Uganda, siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa paja lililovunjika. Jioni alikula na kuzungumza na mkewe. Kabla ya alfajiri alikata roho akihangaika kupata pumzi.

Vijana wa ukoo walitaka kumvamia daktari. Mjomba wetu aliwazuia, akashikilia kwamba mwili ufanyiwe uchunguzi kwanza. Wapo waliolalamika kuwa tunachelewesha maziko, na uchungu wao niliuelewa, kwani sisi Waislamu huharakisha kumsitiri maiti. Hata hivyo, kufukua kaburi baadaye huhitaji amri ya mahakama na huumiza familia mara ya pili.

Uchunguzi ulionyesha kwamba bonge la damu lilitoka kwenye mishipa ya mguu likaziba mshipa wa mapafu. Hatari hiyo inajulikana kwa mtu aliyevunjika mfupa na kulala kitandani, nayo hupunguzwa, ingawa haiondolewi kabisa, kwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Tulipolisoma faili tulikuta daktari ameiandika dawa hiyo, ila hakuna saini ya muuguzi hata moja inayoonyesha kwamba ilitolewa. Dawa ilikuwa imekwisha stoo, na hakuna aliyetuambia tukainunue nje.

Kisheria, daktari hupimwa kwa uangalifu unaotarajiwa kwa daktari wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na mdai lazima athibitishe kwamba kasoro iliyotokea ndiyo iliyoleta kifo. Dhima inaweza pia kumwangukia mwajiri: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru serikali ya wilaya ya Nakaseke kulipa fidia ya shilingi milioni 35 kwa kifo cha mama mjamzito ambaye uchungu wake ulikwama hospitalini huku daktari wa zamu hayupo.

Kwa hiyo, ombeni uchunguzi wa maiti mara moja, na ombeni nakala ya faili kwa maandishi. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa kwenye baraza la taifa la madaktari, lenye uwezo wa kumfutia usajili. Fidia hudaiwa mahakamani. Mwoneni wakili mapema, kwani kesi ya uzembe dhidi ya serikali lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2, na kwa baadhi ya madai muda huwa mfupi zaidi.

Sisi tulielekeza madai yetu kwa uongozi wa hospitali. Daktari yuleyule ambaye vijana walitaka kumpiga alituandikia maelezo kamili ya matibabu aliyoagiza, na wakili wetu anayategemea maelezo hayo kuliko karatasi nyingine yoyote tuliyo nayo.