Mbio ikikunogea ndipo ujihadhari

Mkuu, umesema ndiyo kwanza umeanza kukimbia, Jumamosi ulimaliza kilomita tano pumzi ikiwa bado ipo, Jumanne njia ileile ikakushinda ukarudi unatembea, na sasa unawaza kuacha. Usiache. Nakimbia hapahapa Dar miaka kadhaa sasa, na hilo limewapata wote ninaowafahamu.

Kabla hujajilaumu, kumbuka ulitoka saa ngapi na ulilalaje. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho linamwagika lakini halikauki, na lisipokauka mwili haupoi. Hapo moyo unapeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa mpigo, kwa hiyo kasi uliyoimudu saa kumi na mbili alfajiri inakuwa mateso saa mbili jua likishachoma. Daraja la Tanzanite nimeshalivuka huku napiga soga na mwenzangu mwanzo hadi mwisho. Wiki hiyohiyo, baada ya usiku wa usingizi wa kukatikakatika, nikaishia kushika vyuma vya pembeni kabla sijafika katikati, kichomi kimenibana ubavuni. Daraja lenyewe ni kama kilomita moja tu.

Hata Eliud Kipchoge, yule bingwa wa marathoni wa Kenya, yamemkuta. Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Oktoba 2020 London akashika nafasi ya nane, saa 2:06:49, akaeleza kuwa sikio lilimziba. Agosti 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo.

Ila mimi hiyo Jumanne yako hainitishi. Inayonitisha ni Jumamosi. Pale Coco Beach nimeona wageni wengi wa mbio wakipotea, na mara nyingi hawapotei baada ya siku mbaya, wanapotea baada ya ile siku bora kabisa. Mtu kajisikia mwepesi, kesho yake kaongeza kilomita mbili, keshokutwa kaongeza kasi, wiki inayofuata anachechemea kwa maumivu ya ugoko. Pumzi inajengeka ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano vinahitaji miezi. Kwa hiyo kifua kinakuambia ongeza wakati miguu haijawa tayari.

Ndiyo maana mbio ikininogea, kesho yake napumzika au natembea tu. Nikirudi barabarani nakimbia taratibu kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Siku ikiwa mbaya sishindani nayo: natembea hadi nguzo ya taa inayofuata, nakimbia hadi ya pili yake, hivyohivyo mpaka nyumbani. Hiyo nayo ni mazoezi, ihesabu. Lakini kifua kikiuma au ukipata kizunguzungu, simama hapohapo uende hospitali. Hiyo siyo siku mbaya ya kawaida.

Tafuta daftari pia. Andika saa uliyotoka, usingizi, maji, ulichokula na hali ya hewa, halafu usijipime kwa mbio moja, soma mwezi mzima.

Kesho usikimbie. Keshokutwa toka kabla jua halijachomoza, nenda nusu ya njia ya Jumamosi, polepole, na saa ya mkononi iache nyumbani. Ukirudi tuandikie hapa ulilala kiasi gani na ulikula nini usiku, tuangalie pamoja.