Maswali yenu: King James na maneno yaliyogeuka

Safari hii wengi mmeuliza maneno ya Kiingereza yaliyobadilika maana, nachukua manne.

Mwanzo 1:29 kwenye King James, ile Biblia ya Kiingereza cha zamani, Mungu anawapa watu mimea na matunda halafu anaita "meat". Nyama imetoka wapi?

Hakuna nyama hapo ndugu yangu. Mwaka 1611 Biblia hiyo inatoka, meat bado ilikuwa chakula chochote, iwe mkate iwe mboga, ndo maana ya kwetu inasema "vitakuwa ndivyo chakula chenu" na iko sawa kabisa. Baadaye maana ikabana ikabaki nyama tu. Ila sweetmeat mpaka leo ni vitu vitamu vya sukari, mnofu humo huukuti.

Msibani mtu kasoma 1 Wathesalonike 4:15, walio hai "shall not prevent" waliolala. Kuwazuia wasifanye nini sasa?

Hili ndo nalipenda kuliko yote. Prevent asili yake Kilatini, kuja kabla, kwa hiyo Paulo anasema hatutawatangulia, basi, hakuna anayemzuia mtu. Hata Zaburi 119:147 humohumo King James, anayesema "I prevented the dawning of the morning" hazuii kusikuche, anaamka kabla hakujakucha. Kufika kwenye kuzuia wala si mbali, jambo ukiliwahi kabla halijatokea ukaliziba njia si ndo limekwama hapohapo? Watu wakashika hiyo ya kuziba, ile ya kutangulia ikafa taratibu.

Eti nice lilikuwa tusi?

Kweli tena. Kilatini nescius, asiyejua kitu, likapita Kifaransa, na miaka ya 1300 huko Mwingereza akikuita nice ujue kakuita mjinga. Likaja kuwa mtu wa kuchaguachagua, mara mtu makini wa vitu vidogovidogo, karne ya 18 ndo likawa la kusifia. Silly lenyewe limeshuka, lilianza kwa mwenye heri, likawa asiye na hatia, likawa wa kuhurumiwa, leo mpumbavu. Hapo kuna mtu kaonewa.

Nani anapitisha haya mabadiliko? Hawana baraza?

Hawana. Wafaransa wana akademia yao tangu 1635, Waingereza hakuna kitu kama hicho. Samuel Johnson mwaka 1747 anapanga kamusi yake alitamani lugha itulie, ilipotoka 1755 akaandika mwenyewe kwenye dibaji kwamba mtunga kamusi anayedhani ataizuia lugha isibadilike anastahili kuchekwa.