AC ya gari ikikuchezea, usikimbilie kubadili kompresa

Juzi usiku dada mmoja wa Mombasa ameniandikia. Na yeye anauza keki kama mimi. "Dadangu, AC ya gari yanitia wazimu. Nikiwa barabara ya Diani yavuma baridi mpaka nataka leso. Nikikwama foleni ya feri hapa Likoni yavuma moto kama jiko. Fundi asema ni kompresa, nitoe pesa. Nifanyeje?"

Nilipofika kwenye neno kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, kidonda changu kikafunguka. Nikamjibu palepale: usitoe hata shilingi, nisikilize kwanza.

Mimi naendesha Toyota IST ya 2004. Nimeinunua kwa hela ya keki za birthday, na wale waliokuwa wakiniona napanda bajaji na maboksi mapajani wanalijua hilo. Desemba ile nilikuwa na keki ya harusi ya ngazi tatu, krimu ya siagi tupu, kutoka Tabata kwenda Kunduchi. Kwa joto la Dar, krimu ya siagi bila AC ni kama kubeba barafu kwenye kikapu. Nimepita Mandela, Ubungo, gari limepoa kama friji, naimba. Nafika Mwenge, upepo ukabadilika. Nikadhani nimegusa kitufe. Nikazima, nikawasha. Moto. Nikafungua vioo, ukaingia moto mwingine na vumbi juu.

Pale getini ngazi ya juu ilikuwa imeegama, maua yametiririka hadi kwenye ubao. Mama wa bibi harusi akaangalia, akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, hii ni keki au uji wa mgonjwa?" Nilirudisha nusu ya hela. Familia ile imeozesha mabinti wengine wawili tangu hapo. Picha naziona, keki za mwingine.

Fundi wa kwanza alijaza gesi. Hapo gereji AC ikavuma baridi, nikalipa nikaondoka. Kumbe gari lilikuwa limekaa kivulini saa nzima likapoa, lingevuma baridi hata angelimwagia maji tu. Baada ya wiki tatu tatizo lilelile, akajaza tena. Laiti ningekaa nikafikiri kidogo: gesi imefungiwa ndani ya mabomba. Ikivuja imevuja, haiendi matembezi mchana ikarudi jioni. Ikipungua, ubaridi unakuwa hafifu siku nzima na kompresa inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache. Yangu haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa baridi kali, halafu ghafla hakuna.

Wa pili ndiye aliyesema kompresa. Akaniletea ya mtumba, laki mbili na themanini. Beringi ya puli yake, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda wa injini, ikawa inalia, basi akachomoa puli na klachi (sahani inayoshikana na puli ili kompresa izunguke) ya ile yangu ya zamani akavifunga kwenye hiyo. Mimi nimesimama pembeni nakula mihogo, namsifu kwa kunipunguzia gharama! Siku ya pili, upepo wa moto.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Ilala. Hakushika spana. Aliniuliza: "Tangu uwashe, inakata baada ya muda gani?" Wenzake wote wawili hawakuwahi kuniuliza hilo. Tukawasha gari, AC mwisho, yeye akaagiza chai. Ilipofika kama dakika arobaini ikakata. Nikanyoosha mkono nizime, akanipigia kelele: "Usizime!"

Akafungua boneti akanionyesha. Puli ya kompresa inazunguka na mkanda, lakini sahani ya mbele yake imetulia. Akachukua kipande cha mti akaisukuma kidogo. Tak! Ikashika, baridi ikarudi. (Wewe usijaribu hilo, mkanda unaozunguka hauna huruma na kanga wala vidole.)

Klachi ile hushikwa na sumaku ya umeme. Koili yake, yaani waya uliozungushwa, ni ya shaba, na shaba ikipata moto hupitisha umeme pungufu, hivyo sumaku inalegea. Sahani yangu ilikuwa imelika, nafasi kati yake na puli imefika karibu milimita moja, wakati inatakiwa iwe kama nusu milimita. Asubuhi sumaku inaweza kuivuta, mchana injini ikipata moto inashindwa. Mzee akatoa washa moja nyembamba, kile kipete cha chuma kinachoweka nafasi hiyo, akapima tena kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), akafunga. Gesi nayo ilikuwa imezidi kwa ule ujazaji wa kukisia, akaitoa, akavuta hewa yote kwa pampu, akapima kwa mzani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Elfu sitini. Kwa hiyo kompresa yangu nzima ilitupwa, na kipande kibovu kikahamishiwa kwenye ile nyingine!

Ndiyo maana nawaambia dada zangu wa biashara, tuache kuogopa boneti. Fundi akiona unaogopa anajua pa kukushika. AC inayokuja na kuondoka ina saa zake, na wewe ndiye uliyeko ndani ya gari zikifika. Andika ilikata saa ngapi, ulikuwa foleni au mwendoni, upepo wenyewe ulipungua au ulibaki na nguvu. Ukipungua mpaka kuwa pumzi tu, halafu ukizima nusu saa unarudi vizuri, huenda evaporeta, ile sehemu ya ndani ya dashibodi inayopoza upepo, inaganda barafu. Tazama chujio nyuma ya droo ya dashibodi. La kwangu lilikuwa na manyoya ya kuku, na sijawahi kubeba kuku.

Sasa wewe wa Likoni. Yako inakata ukisimama, ukienda mwendo inarudi. Hiyo inanionyesha feni. Kondensa iko mbele ya rejeta na lazima ipate upepo ili ipoze gesi. Ukiwa mwendoni upepo wa barabara unafanya kazi hiyo, ukisimama ni feni peke yake. Isipozunguka, presha inapanda mpaka swichi inakata kompresa. Ukikwama tena fungua boneti AC ikiwa inawaka, uangalie kwa macho tu. Mkono usiingize, feni inaweza kuamka yenyewe.

Leo asubuhi amenitumia video. Feni tuli, na soketi ya waya wake imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya pwani. Fundi wa umeme anakuja kesho. Jumamosi ana keki ya ngazi mbili ya Diani, na nimemwambia abebe barafu kwenye kasha hata kama feni itapona.