Mswada Usilale Desemba

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, mwandishi wa hadithi anayeishi Dar es Salaam na kwao ni Moshi, Rombo au Same huanza kupoteza siku bila kujua. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Kazini kuna hafla za kufunga mwaka. Simu za nyumbani zinauliza unafika lini, na tiketi za basi zinaadimika kila ukichelewa kukata. Wengi hujiahidi kwamba likizo hii ndiyo ya kumaliza riwaya. Wanabeba kompyuta mpaka mlimani, na tarehe 5 Januari wanairudisha mjini haijafunguliwa hata mara moja. Uvivu hauhusiki hapa. Hesabu ndiyo iliyokosewa.

Kaa chini na kalenda. Kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 5 Januari ni siku 22. Toa siku mbili za safari, kwenda na kurudi. Toa tarehe 24, 25 na 26. Toa 31 na mosi. Toa siku moja ya harusi, kipaimara au ubarikio, maana Desemba bila mwaliko haipo, na siku moja ya kikao cha ukoo. Hizo ni siku tisa, na zife kwa amani. Usiziwekee lengo lolote, kwa sababu lengo lisilotimia siku ya Krismasi linakuharibia na tarehe 27. Zinabaki siku 13. Ukiandika maneno 250 kwa kila moja unapata 3,250, yaani hadithi fupi nzima au sura mbili za riwaya.

Na maneno 250 ya Kiswahili si haba. Malengo mengi yanayozunguka mtandaoni, kama lile la maneno 50,000 kwa mwezi wa Novemba, yalipangwa na watu wanaoandika Kiingereza. Neno letu moja kama “asingemrudishia” kwao ni maneno sita au zaidi. Ukijipima kwa kipimo chao utajiona mzembe kila jioni bila sababu. Kwa mwandiko wa wastani, ukurasa wa daftari la shule unabeba maneno 150 hadi 200, kwa hiyo lengo la siku ni ukurasa mmoja na nusu. Hiyo ni kazi ya dakika 40 kwa anayejua anaanzia wapi.

Kujua unaanzia wapi ndiyo shughuli nzima. Siku zilizopotea haziui mswada. Unakufa uzi ukikatika: umekaa siku sita bila kuugusa, unaufungua, humkumbuki mhusika wako alikuwa na hasira gani, unaanza kusoma upya kutoka sura ya kwanza, na unapofika ulipoachia muda wako umekwisha na watoto wameamka. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu hufungui tena.

Dawa yake huandaliwa kabla ya safari. Usimalize sura ndipo uondoke. Ondoka katikati ya tukio, mahali ambapo wewe mwenyewe unajua nini kinafuata na una hamu ya kukiandika. Halafu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari andika mambo manne: mhusika yuko wapi na kashika nini, anataka nini dakika hii, nani anamzuia au anamficha kitu, na sentensi inayofuata, uiache nusu. Kwa mfano:

“Salome kasimama mlangoni mwa jiko, ndoo ya maji mkononi. Anataka kumuuliza shangazi nani aliuza shamba la juu. Shangazi anajua, ila kuna mgeni sebuleni na ukuta ni wa mbao. Inayofuata: Shangazi alifunika sufuria, akapunguza kuni, kisha”

Basi. Mistari minne. Hiyo “kisha” inayoning’inia ndiyo itakayokuvuta siku nne baadaye, saa kumi na moja alfajiri, bado una usingizi. Ukiandika muhtasari wa jumla kama “Salome agundue siri ya shamba”, hautakusaidia kitu, kwa sababu utakuambia habari bila kukurudisha jikoni pale. Wakati mkono umebeba ndoo, mwili wa msomaji, na wako pia, unajua uzito wake. Na kila siku ukimaliza ukurasa wako na nusu, rudia zoezi hili kwa mistari miwili tu kabla ya kufunga daftari.

Daftari ni bora kuliko kompyuta msimu huu, na sababu zake ni za nyumbani kabisa. Kompyuta ikionekana sebuleni, watoto wa kaka wanataka katuni. Wazee wanadhani umekuja na kazi za ofisi na wanakuonea huruma au wanakununia. Umeme ukikatika jioni huna kitu. Daftari la kurasa 96 na kalamu mbili halimshtui mtu. Tena usiandike ukurasa wa kushoto. Uache wazi kwa masahihisho na vipande vya ziada. Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo kwa simu na ujitumie kwa barua pepe. Daftari hulowa, husahaulika kwenye basi, na mjukuu asiyejua kusoma huligeuza la kuchorea.

Anayeandikia kwenye simu awe mwangalifu na mambo mawili. Faili la Google Docs lisipowekwa mapema lipatikane bila intaneti, kule mgombani mtandao unakoshikika ukiwa umesimama juu ya jiwe fulani tu halitafunguka. Weka hilo ukiwa bado mjini, kisha zima data ulijaribu. La pili ni simu yenyewe: kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi wakati wa Krismasi kina msongamano mkubwa, na mswada ulio kwenye simu peke yake unaweza kupotea na simu. Nakala moja iwe kwenye barua pepe, nyingine kwenye flashi uliyoiacha nyumbani Dar.

Ndani ya basi usijaribu kuandika. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550, siku nzima barabarani, muziki uko juu na kichwa kitauma. Panda na swali moja tu la hadithi. Mfano: shangazi atapoteza nini akisema ukweli? Swali likiwa moja, akili huligeuza yenyewe kati ya Chalinze na Korogwe. Yakiwa matano, utalala.

Sasa muda wa kuandika ukishafika. Nyumba ya familia ina sheria ambazo vitabu vya ushauri kutoka nje havizijui. Mlango uliofungwa mchana unamaanisha mtu anaumwa au amenuna, na ndani ya robo saa utakuwa na wageni watatu wanaouliza umekwazwa na nani. Mwandishi anayesubiri utulivu wa mchana hataandika. Saa kumi na moja hadi kumi na mbili kasoro alfajiri ndiyo saa salama, nayo inataka ulale mapema kuliko wenzako walau siku mbili katika tatu. Kukishakucha, zunguka kwanza uwaamkie wakubwa wote, unywe chai nao. Ukishatoa shikamoo kwa kila anayestahili, nusu saa ya kupotea na daftari nyuma ya banda la ng’ombe haina wa kuilalamikia. Ukianza na daftari kabla ya salamu, umejiharibia siku nzima. Na ukiulizwa, usieleze riwaya. Sema, “Mama, nina kazi ya nusu saa, nikitoka nakuja kumenya ndizi,” halafu kweli uje.

Hapa ni lazima kusema wazi kwamba likizo ya mwandishi mwanamume na ya mwandishi mwanamke si moja. Dada, mke au binti hana alfajiri. Alfajiri yake ni ya moto na vyombo. Ushauri wa “amka mapema” kwake ni maneno matupu. Kinachowezekana ni kubadilishana kwa makubaliano yanayotajwa kwa mdomo: “Wifi, niachie saa tisa hadi tisa na nusu, vyombo vyote vya jioni ni vyangu.” Kubadilishana kunafanya kazi kwa sababu hakuna anayejiona ameonewa. Njia nyingine ni dakika 15 za chungu: makande yakishaanza kuchemka yanajiendea muda mrefu, na mistari mitano ya mazungumzo ya wahusika inaandikika hapo hapo kwenye kigoda. Kwa nafasi hizo fupi andika mazungumzo pekee. Maelezo ya mandhari yanataka pumzi ndefu. Na waume wanaosoma hapa, kumpa mkeo anayeandika nusu saa kwa siku hakuhitaji sherehe. Chukua mtoto, toka naye.

Kuna kazi moja ambayo Desemba inaifanya vizuri kuliko mwezi wowote, nayo ni kusikia. Babu, mashangazi, vijana waliotoka Nairobi na Muscat, wote chini ya mti mmoja. Kosa la kawaida ni kuandika habari badala ya sauti. “Babu alisimulia njaa” ni taarifa iliyokufa. Andika maneno yenyewe: “Ndizi ziliisha, tukaanza mgomba.” Pembeni yake andika mikono yake ilikuwa inafanya nini aliposema, na nani alimkatiza. Ndani ya saa moja uwe umeandika, maana ukilala nayo, asubuhi utayakumbuka maneno yako badala ya yake. Usirekodi kwa siri. Mtu akisimulia jeraha lake, la ndoa au la msiba, mwombe ruhusa kabla ya kulitumia, na hata akikubali badilisha kazi, mahali na uhusiano wa ukoo. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu kijijini kwake.

Ukianza kuyaingiza haya kwenye hadithi, ukoo mzima utataka kuingia. Kikao cha watu 14 kinapendeza ukiwa umekaa pale. Kwenye karatasi msomaji atampoteza kila mtu kufikia mstari wa kumi. Wape sauti watatu kwa wakati mmoja, wajomba wawili wafanye mmoja, wengine wabaki kukohoa na kusogeza viti. Sikukuu yenyewe pia isiwe orodha ya pilau, soda na nguo mpya. Kila msomaji anayo ya kwake kichwani. Tafuta kitu kimoja chenye ugomvi ndani yake. Kule Uchagani, mgao wa nyama ya mbuzi hufuata umri na nafasi ya mtu katika ukoo. Mkubwa akiletewa kipande cha mdogo, hakuna atakayepaza sauti, lakini kila mtu pale uani ameelewa. Hilo sahani moja linabeba sura nzima. Na neno la kilugha likihitajika, liache kitendo kilieleze: mtu akichota mbege kwa kata na kumpitishia mzee kwanza, hakuna anayehitaji maelezo ya pembeni.

Wenzetu wanaouza riwaya za mfululizo kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook wana mzigo wao. Msomaji aliyekwisha kulipia hajali kama uko mlimani. Ukitoa sehemu nne kwa wiki, wiki tatu ni sehemu 12. Ziandike zote kabla ya tarehe 15, au punguza mapema ziwe mbili kwa wiki na utangaze kabla ya kuondoka. Kutangaza baada ya kukwama huonekana utapeli. Telegram na kurasa za Facebook zinakuruhusu kupanga sehemu itoke saa unayotaka. Kwenye kundi la WhatsApp, mwachie mtu mmoja unayemwamini aliyeko mjini kwenye mtandao mzuri. Ukiamua kusimama kabisa, simama mwisho wa tukio. Kumwacha mtu aliyelipia na bastola imeelekezwa mlangoni kwa siku 20 ni kumfukuza. Na sehemu zilizoandikwa kwa haraka tarehe 23 usiku hujulikana: ghafla kila mhusika anaongea kwa sauti moja, na mtu aliyekufa sehemu ya 31 anapokea simu.

Kuhariri riwaya nzima kuache. Kupanga upya sura kunataka kuushika mswada wote kichwani kwa saa mbili au tatu mfululizo, na saa hizo Desemba huna. Ukilazimisha utakata sura iliyokuwa nzuri kwa sababu tu ulikatizwa katikati yake.

Siku zikikupita, usizifidie. Aliyekosa siku tatu akijipa maneno 1,000 siku ya nne ataikosa na hiyo. Nakili kwa mkono aya ya mwisho uliyoandika, neno kwa neno, na uendelee na 250 zako. Mkono ukipita tena kwenye sentensi zako, mwendo wake unarudi.

Januari ni ya ada, sare na kodi ya nyumba, na kichwa kitakuwa huko. Siku tatu za kwanza mjini chapa daftari kwenye kompyuta bila kusahihisha. Kurasa 20 kwa mchapaji wa kawaida ni jioni mbili au tatu. Zile sauti za chini ya mti ziingie kwenye faili lake peke yake, zimepangwa kwa msemaji, zisichanganywe na mswada. Utaziokota moja moja mwaka mzima. Tarehe 12 ni Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, kazi zimefungwa visiwani na bara. Siku hiyo soma kwa sauti kila ulichochapa, na weka alama kwa penseli kila mahali ulimi ulipojikwaa.